Theluthi Moja au Asilimia Kumi? Tunavyowahesabu Watu Wanaokosa Usingizi

Takwimu za watu wanaokosa usingizi humwacha msomaji njia panda. Leo atasoma kwamba theluthi moja ya watu wazima hawalali vizuri, kesho ataambiwa kwamba wenye tatizo hilo ni asilimia 10, na keshokutwa atakutana na taarifa isemayo kwamba hawazidi asilimia 6. Ni vigumu kuamini kwamba tarakimu zinazopishana kiasi hicho zinaweza kuwa sahihi zote kwa pamoja, lakini ndivyo zilivyo. Kila moja inajibu swali lake, na wanaozinukuu wana desturi ya kubeba jibu na kuliacha swali nyuma. Ninaamini kwamba desturi hiyo inawaumiza wagonjwa. Wale wenye ugonjwa hasa humezwa na umati wa watu waliopitia usiku mbaya wa hapa na pale, shida yao ikaonekana kuwa ni shida ya kila mtu, na shida ya kila mtu haitafutiwi daktari.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili ni uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 na Thomas Roth pamoja na wenzake. Walihojiwa watu wapatao 10,000 waliokuwa wanachama wa mpango wa bima ya afya, kisha majibu yaleyale ya watu walewale yakapimwa kwa vigezo vitatu tofauti vya kitabibu. Kwa vigezo vya toleo la nne la mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, waliokuwa na ugonjwa wa kukosa usingizi walikuwa asilimia 22.1. Kwa vigezo vya wataalamu wa usingizi walikuwa asilimia 14.7. Kwa vigezo vya toleo la kumi la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, walibaki asilimia 3.9. Hakuna aliyelala zaidi wala aliyelala pungufu kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho, na hata hivyo tofauti yake ni zaidi ya mara tano.

Sababu ya tarakimu ya mwisho kuwa ndogo hivyo inafaa kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha jinsi sharti moja linavyoweza kuwaondoa watu wengi kwenye hesabu. Vigezo vile vya Shirika la Afya Duniani vilidai kwamba, pamoja na kukosa usingizi, mtu awe ametawaliwa na fikra za kutolala na awe na hofu iliyopita kiasi kuhusu madhara yake, usiku na mchana. Mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akigaragara kitandani hadi usiku wa manane, anayeamka amechoka na kufanya kazi kwa kujikokota, lakini ambaye amekwisha kukata tamaa na kuiona hali yake kuwa ndiyo maisha, anaweza kuangukia nje ya kipimo hicho. Kwa maoni yangu huyo ni mgonjwa kuliko wengi waliohesabiwa.

Hata bila kubadilisha vigezo vya kitabibu, tarakimu hubadilika kulingana na ngazi ambayo mtafiti ameamua kusimama. Maurice Ohayon, katika mapitio yake ya mwaka 2002 yaliyokusanya tafiti nyingi za jamii, alionyesha kwamba theluthi moja hivi ya watu huripoti angalau dalili moja, ama kuchelewa kupata usingizi, ama kuzinduka usiku mara kwa mara, ama kuamka mapema mno na kushindwa kulala tena. Ukitaka dalili hizo ziwe na athari mchana, idadi inashuka hadi kati ya asilimia 9 na 15. Ukitaka mtu atimize masharti yote ya utambuzi wa ugonjwa kwa mwongozo wa wakati ule, unabaki na asilimia 6 hivi. Uchunguzi uliofanywa Kanada na Charles Morin na wenzake, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2011, ulipata ngazi zilezile kwa watu wazima 2,000: asilimia 40.2 walikuwa na angalau dalili moja kwa usiku 3 au zaidi kwa wiki katika mwezi uliotangulia, asilimia 19.8 hawakuridhika na usingizi wao, na asilimia 13.4 ndio waliokuwa na dalili, kutoridhika na athari za mchana kwa pamoja.

Ili kuona kinachotokea kati ya ngazi moja na nyingine, inatosha kulitazama swali lenyewe. Dodoso linauliza: je, katika mwezi uliopita ulipata shida ya kulala? Mama aliyeuguza mtoto kwa siku tatu anajibu ndiyo. Mwanafunzi aliyekuwa akisubiri matokeo ya mtihani anajibu ndiyo. Mtu ambaye hajawahi kulala usiku mzima tangu afiwe na mwenzi wake, na sasa ni mwaka wa nne, naye anajibu ndiyo. Kwenye jedwali la mtafiti hao watatu ni alama tatu zinazofanana. Mambo yanayowatenganisha hayamo katika swali hilo, nayo ni manne: ni mara ngapi kwa wiki, ni kwa muda gani sasa, mchana wake unakuwaje, na je, alikuwa na nafasi ya kulala na bado usingizi ukamruka?

Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2013, pale Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake, yalikuwa na maana kubwa kwa hesabu hizi kuliko inavyosemwa. Mwongozo uliotangulia uliridhika na mwezi mmoja wa dalili. Huu wa sasa unataka dalili zitokee angalau usiku 3 kwa wiki kwa angalau miezi 3, ziwe zinamsumbua mtu au kuharibu shughuli zake, na zitokee ingawa ana nafasi ya kutosha ya kulala. Mwaka uliofuata wataalamu wa usingizi waliyachukua masharti yanayokaribiana mno na hayo katika orodha yao ya kimataifa. Ile asilimia 10 inayotajwa mara nyingi kwa ugonjwa wa kukosa usingizi wa muda mrefu inaeleweka vizuri ikisomwa karibu na masharti ya namna hii, na ikiondolewa hapo inakuwa tarakimu isiyo na mwenyewe.

Sharti la nafasi ya kulala linastahili kusimamiwa kwa nguvu zaidi kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalosahaulika kwanza. Mfanyakazi wa zamu anayepata saa 5 kati ya kurudi na kutoka tena, mzazi wa mtoto mchanga, kijana anayekaa kwenye simu hadi saa nane usiku na kuamshwa saa kumi na mbili, wote wana upungufu wa usingizi. Wakipewa kitanda na usiku mtulivu watalala fofofo. Mgonjwa anayezungumziwa hapa amepewa kitanda na usiku mtulivu, na bado macho ni makavu. Upungufu wa usingizi unaosababishwa na kazi au malezi ni tatizo zito la jamii, tena lina madhara yake kwa afya, lakini dawa yake iko katika ratiba, katika haki za wafanyakazi na katika kusaidiana nyumbani. Anayeyachanganya mambo haya mawili katika tarakimu moja anawanyima watu wa pande zote mbili kile wanachokihitaji.

Wapo wanaodhani kwamba utata wote huu ungekwisha kama tungeacha kuwauliza watu na badala yake tukawapima maabara, kwa vifaa vinavyorekodi mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na ulegevu wa misuli. Sikubaliani nao. Wataalamu wanajua kwamba baadhi ya watu wanaolalamika kuwa hawakupata hata lepe la usingizi huonekana kwenye vipimo wakiwa wamelala saa kadhaa, na kwamba wapo wengine ambao usingizi wao umekatikakatika kwenye karatasi lakini asubuhi hawana la kulalamika. Kwa sababu hiyo kipimo cha maabara hakihitajiki katika utambuzi wa kawaida wa ugonjwa huu. Hutumika pale daktari anaposhuku jambo jingine, kwa mfano kukatika kwa pumzi usingizini. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe na kwa shajara ya usingizi anayoijaza kila asubuhi kwa wiki moja au mbili. Kumwambia mtu aliyechoka kwamba mashine inasema alilala hakumwondolei uchovu wake, na tafiti za karibuni zinazotazama ubongo kwa undani zaidi zinaelekea kuonyesha kwamba malalamiko hayo yana msingi katika namna ubongo wake unavyobaki macho nusu wakati mwili umelala.

Jambo ambalo uchunguzi wa siku moja hauwezi kulionyesha kabisa ni muda. Morin na wenzake waliwafuatilia watu 388 wenye tatizo la usingizi kwa miaka 3, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba asilimia 74 kati yao waliendelea kuwa nalo kwa angalau mwaka mmoja, na asilimia 46 walikuwa nalo kwa miaka yote 3. Wale walioanza na hali kali zaidi ndio waliokwama zaidi. Kwa hiyo, ndani ya ile theluthi moja kuna watu wanaoingia na kutoka, ambao usingizi wao utarudi wenyewe jambo lililowasumbua likipita, na kuna wengine ambao wameingia na hawatoki.

Kwa nini hawatoki? Maelezo yaliyodumu zaidi ni yale ya Arthur Spielman wa mwaka 1987, aliyegawa visababishi katika mafungu matatu: yanayomweka mtu katika hatari tangu awali, yanayouchokoza ugonjwa, na yanayouendeleza. Fungu la tatu ndilo lenye siri ya ugonjwa kuwa sugu. Mtu amepatwa na msiba au amepoteza kazi, akakosa usingizi kwa wiki tatu, jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Sasa anaanza kujitibu. Anapanda kitandani saa tatu usiku badala ya saa tano ili afidie. Anakaa humo saa 9 na kupata saa 5 za usingizi, na zile 4 zilizobaki anazimaliza akiwa macho, akigeuka upande huu na upande ule, akitazama saa na kupiga hesabu: nikilala sasa hivi nitapata saa 3, nikilala baada ya nusu saa nitapata 2 na nusu. Asubuhi analala kidogo zaidi, mchana anajilaza, na usiku unaofuata mwili hauna haja ya kutosha ya usingizi. Baada ya miezi michache kitanda chenyewe kimekuwa mahali pa kukesha, na kukiona tu kunamwamsha. Msiba umekwisha kupoa, lakini ugonjwa unaendelea kwa nguvu zake wenyewe.

Ufahamu huo ndio uliowafanya madaktari waachane taratibu na dhana ya zamani kwamba kukosa usingizi daima ni dalili tu ya kitu kingine. Mwaka 2005 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza tuseme kwamba hali hiyo huambatana na magonjwa mengine badala ya kusema kwamba husababishwa nayo, na mwongozo wa mwaka 2013 ukaifuta tofauti ya kale kati ya kukosa usingizi kwa asili na kwa kusababishwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la kumi na moja la orodha yake lililoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa matatizo ya usingizi sura yake yenyewe, baada ya miaka mingi ya kugawanywa kati ya magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za ufuatiliaji, ulioongozwa na Chiara Baglioni na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba watu wasio na sonona lakini wenye tatizo la usingizi walikuwa na hatari ya kupata sonona baadaye iliyokaribia mara mbili ya wanaolala vizuri. Mambo yanayotangulia ugonjwa hayawezi kuwa kivuli cha ugonjwa huo.

Kuhusu ni nani hasa wanaopatwa, jambo lisilo na ubishi mwingi ni jinsia. Wanawake wako katika hatari iliyo kubwa kwa takriban asilimia 40 kuliko wanaume, kama ulivyoonyesha uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti kadhaa, na tofauti hiyo huongezeka umri unavyosonga. Umri wenyewe ni mgumu zaidi kuusema kwa sentensi moja: wazee huzinduka usiku mara nyingi zaidi na huamka mapema zaidi, lakini kutoridhika na utambuzi kamili wa ugonjwa havipandi kwa kasi hiyo, na sehemu kubwa ya ongezeko huenda sambamba na maumivu, maradhi mengine na dawa zinazotumika, kuliko miaka yenyewe.

Tofauti kati ya nchi na nchi ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha watu zaidi ya 40,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea katika nchi 8 za Afrika na Asia, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 16.6 waliripoti matatizo makali ya usingizi. Lakini wastani huo ulificha mpishano wa kushangaza, kuanzia asilimia 3.9 huko Purworejo, Indonesia, na Nairobi, hadi zaidi ya asilimia 40 huko Matlab, Bangladesh. Swali lilikuwa lilelile. Siamini kwamba miili ya wanadamu inapishana mara kumi katika uwezo wa kulala. Naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba hali za maisha, mzigo wa sonona na wasiwasi, na hata mazoea ya watu katika kulalamika au kunyamaza, vyote vimo ndani ya tarakimu hizo, na hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa swali moja. Kwa hiyo makadirio ya dunia nzima, kama yale yaliyotolewa mwaka 2025 yanayosema kwamba watu wazima milioni 852, yaani asilimia 16.2, wana tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao wana hali kali, yachukuliwe kama ramani iliyochorwa kwa mbali: inafaa kwa kuonyesha ukubwa wa bara, haifai kwa kutafutia nyumba ya mtu.

Je, tatizo linaongezeka? Hapa ushahidi mzuri ni ule unaouliza maswali yaleyale kwa miaka mingi. Nchini Uingereza, uchunguzi wa afya ya akili uliorudiwa kati ya mwaka 1993 na 2007 ulionyesha kwamba wenye dalili za kiwango chochote walipanda kutoka asilimia 35.0 hadi 38.6, ongezeko ambalo si la kutisha. Lakini waliotimiza masharti ya ugonjwa walipanda kutoka asilimia 3.1 hadi 5.8. Aliyetazama tarakimu ya kwanza peke yake angesema hali ni ileile, kumbe ndani yake wagonjwa walikuwa wanakaribia kuongezeka maradufu. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini hatupaswi kuridhika na ile theluthi moja.

Mchanganyiko huu unapofika kwenye chumba cha daktari, unawadhuru watu wa aina mbili. Yule aliyekosa usingizi kwa wiki mbili kwa sababu inayojulikana huogopeshwa na vichwa vya habari, akaondoka na dawa za usingizi ambazo miongozo ya Ulaya inataka zisitumike kwa zaidi ya wiki 4 hivi, na ambazo kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa. Yule aliyekesha kwa miaka huambiwa apunguze kahawa na asitazame simu kitandani. Ushauri huo hauna ubaya, lakini peke yake hautoshi kutibu ugonjwa sugu. Tiba iliyothibitishwa ipo. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba kila mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na tiba ya fikra na mwenendo iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya usingizi, na wenzao wa Ulaya wakasema vivyo hivyo mwaka uliofuata. Tiba hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye mambo yanayoendeleza ugonjwa: muda wa kukaa kitandani unapunguzwa hadi ukaribiane na usingizi anaoupata mtu kweli, anayeshindwa kulala anaondoka kitandani badala ya kupambana, na saa ya kuamka inakuwa moja kila siku. Wiki za mwanzo ni ngumu, na kwa mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) au dereva wa masafa marefu hazifai kufanywa bila usimamizi, lakini faida yake hudumu baada ya tiba kwisha, jambo ambalo vidonge havijalifikia.

Wataalamu wa kuitoa ni wachache mno kila mahali, na ndiyo sababu imeanza kutolewa kwa vikundi, kupitia wauguzi waliofunzwa, na kupitia programu za simu na kompyuta ambazo majaribio yameonyesha kuwa zinasaidia. Anayepanga huduma ya namna hiyo lazima aanze na idadi ya watu watakaoihitaji. Akichukua theluthi moja ataona mzigo haubebeki na ataghairi. Akichukua ile asilimia 3.9 ya uchunguzi wa Roth atajenga mlango mwembamba na kuwaacha wengi nje. Anayohitaji ni idadi iliyopatikana kwa kuwauliza watu mambo manne, ni mara ngapi, tangu lini, mchana unakuwaje, na nafasi ya kulala ilikuwepo au haikuwepo, na maswali hayo hayachukui hata dakika tatu katika dodoso lolote la afya linalofanyika tayari.